Nusukipenyo cha pua: kona ndogo inayoamua ulaini wa kazi

Shika insati ya kabaidi, yaani kile kipande kidogo kigumu sana cha kukatia kinachofungwa kwenye kisu cha kerezo (mashine ya kukerezea chuma), uitazame kona yake kwenye mwanga. Kwa haraka inaonekana kali kama sindano, lakini ukiikagua vizuri utaona imeviringwa kidogo. Kona hiyo iliyoviringwa ndiyo inayoitwa pua ya insati (pua hii ni ile ya usoni, si pua ya feleji). Ukubwa wake hutajwa kwa nusukipenyo: kama ungeuendeleza mviringo wa kona hadi ukafunga duara kamili, nusukipenyo cha duara hilo ndicho kipimo cha pua.

Hakuna haja ya kukisia, kwa kuwa kipimo kimeandikwa kwenye boksi. Chukua insati ya CCMT 09T304. Herufi ya kwanza ni umbo: C ni umbo la uru lenye kona ya digrii 80, D ni digrii 55, V ni digrii 35. Ya pili ni mwinamo wa ubavu chini ya makali, na C hapa ni digrii 7. Ya tatu inaeleza usahihi wa vipimo, nayo nitairudia baadaye kwa sababu ina siri yake. Tarakimu mbili za mwisho ndizo pua: 04 ni milimita 0.4, 02 ni 0.2, 08 ni 0.8.

Sasa kwa nini kona ndogo namna hii iwe na neno kwenye ulaini wa kazi? Kazi (kipande kinachokerezwa) inapozunguka kwenye kerezo, kisu husogea mbele kiasi fulani kila mzunguko, na pua huacha mfereji wa umbo lake. Mzunguko unaofuata huacha mfereji mwingine kando yake, na katikati hubaki tuta. Matuta hayo ndiyo ukwaru unaousikia ukipitisha ukucha. Urefu wa tuta hukadiriwa hivi: zidisha mwendo wa kisu kwa mzunguko mmoja kwa wenyewe, kisha gawanya kwa nusukipenyo cha pua mara nane. Kwa pua ya 0.4 na mwendo wa milimita 0.1, tuta ni kama maikroni 3 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ongeza mwendo ufike 0.2 na tuta linaruka hadi maikroni 12.5, mara nne, ingawa mwendo umeongezeka mara mbili tu. Ukibaki na mwendo wa 0.1 lakini ukaweka pua ya 0.8, tuta linashuka hadi maikroni 1.6 hivi.

Hesabu hiyo humvuta mtu aamini kwamba pua kubwa ndiyo bora siku zote. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na ningependa tukae hapo kidogo.

Kina cha mkato kikiwa kidogo kuliko pua, ubavu ulionyooka wa insati haufanyi kazi kabisa. Kinachokata ni kipande cha chini cha mviringo peke yake, nacho kinausukuma mhimili (fito ya duara inayokerezwa) pembeni badala ya kusukuma kuelekea upande wa chaki (kibanio kinachoishika kazi). Mhimili mnene na mfupi utavumilia. Mwembamba utapinda katikati, utoke na tumbo, au uanze kutetemeka na kuacha mawimbi ambayo hakuna hesabu ya matuta iliyoyatabiri. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kina cha mkato, kwa upande mmoja, kisipungue theluthi mbili za pua. Kwa pua ya 0.8 ni zaidi kidogo ya milimita 0.5, kwa 0.4 ni karibu 0.27, kwa 0.2 ni karibu 0.13. Ukikumbuka kwamba kipenyo hupungua mara mbili ya kina, unaona mara moja kwa nini pua ya 0.8 haifai kuondolea kijisehemu cha mwisho kwenye kazi nyembamba.

Chini ya hapo kuna mpaka mwingine, wa makali yenyewe. Insati nyingi za kukatia chuma hufinyangwa, huokwa kwa joto kali, makali hupunguzwa ukali kwa makusudi ili yasimeguke, halafu hupakwa tabaka gumu juu. Tabaka la CVD (linalowekwa kwa mvuke wa kemikali) ni nene zaidi na huyafanya makali yawe butu zaidi, lile la PVD (linalowekwa kwa mvuke wa metali) ni jembamba na huacha makali yenye ukali. Ukiiambia insati butu iondoe milimita 0.02, haikati, inasugua. Chuma hubonyea mbele yake, hupashwa joto, kisha hurudi nyuma yake. Kwenye chuma kisichoshika kutu ni vibaya zaidi, kwa maana uso uliosuguliwa huwa mgumu na mkato unaofuata unakutana na ngozi hiyo.

Sasa ile herufi ya tatu. M ni insati iliyobaki na vipimo ilivyotoka navyo kwenye tanuri. G, kama kwenye CCGT, kwa kawaida imesagwa pembeni, na makali yake mara nyingi ni makali kwelikweli. Zile za kukatia alumini, zisizopakwa kitu na zilizong'arishwa juu, hukata hata chuma laini kwa kina kidogo sana na kuacha uso safi. Huisha mapema, na humeguka zikigongwa na kazi yenye mfereji au tundu, lakini kwa mkato wa mwisho kwenye mashine nyepesi ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Kasi nayo haiachwi. Mashine ikienda polepole, chuma hujibandika kwenye makali, hubanduka, hujibandika tena, na uso hutoka umechanikachanika. Kwa chuma laini, mita 180 kwa dakika ni mahali pazuri pa kuanzia, na kwa kipenyo cha milimita 25 hiyo ni karibu mizunguko 2,300 kwa dakika. Kama mashine haifiki huko, kisu cha HSS (feleji ya kasi kubwa) kilichonolewa vizuri mara nyingi kitakupa uso mzuri zaidi kuliko kabaidi.

Zipo pia insati ambazo kando ya pua zina sehemu iliyonyooshwa kidogo ya kufuta matuta. Huruhusu mwendo mkubwa bila kuharibu ulaini, ila husukuma kazi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo zinataka mashine imara.

Kwa kazi ya kipenyo cha wastani mimi huweka pua ya 0.4 na mwendo wa 0.08 hadi 0.1, na huacha milimita 1.2 kwenye kipenyo kwa ajili ya mikato miwili ya mwisho, kila mmoja ukiondoa 0.6. Baada ya wa kwanza napima. Mkato wa pili ukiwa na kina, kasi na mwendo uleule, mhimili hupinda kwa kiasi kilekile, na kosa nililolipima linasahihishika kwenye piga ya kisu (gurudumu lenye alama za vipimo) kabla ya kuugusa uso kwa mara ya mwisho.