"Kwao hawajui": gemu, Nunda na safari ya kurudi

Kwenye banda la gemu hapa Ngamiani, Tanga, jioni baada ya Magharibi, kochi lina nafasi ya wachezaji wawili, na nyuma yao hawakosi watoto waliosimama, wasio na hela ya kucheza. Hao wanaosimama ndio wanaofuata hadithi. Mwenye pedi ana kazi ya vitufe. Wao wanajua nani kasalitiwa na nani kafiwa. Juzi jitu la mwisho lilianguka, majina ya watengenezaji yakaanza kupanda kwenye kioo, na mtoto mmoja akauliza, "Kwa hiyo kwao hawajui?" Mwenye pedi akamwambia gemu imeisha. Mtoto hakukubali. "Lakini kwao hawajui kama kashinda."

Mimi ninaandika hadithi za gemu, na mtoto yule aliweka kidole pale pale kazi yetu inapopwaya.

Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alitoa kitabu chenye hoja kwamba visa vya mashujaa wa mataifa mengi vinapita njia moja: mtu anaitwa, anaondoka kwao, anajaribiwa huko alikokwenda, kisha anarudi na kitu cha kuwafaa wenzake. Njia hiyo aliigawa vituo 17 katika mafungu matatu: kuondoka, kujaribiwa, kurudi. Baadaye Christopher Vogler, aliyekuwa msomaji wa miswada ya filamu huko Hollywood, alivipunguza vikawa 12, na kitabu chake cha 1992 kikaenea kwa waandishi wa filamu, halafu kwa waandishi wa gemu. Siamini kwamba visa vyote vya dunia vina umbo moja. Ila ukitaka kujua kisa chako kimepungukiwa na nini, kipimo hiki kinafaa sana.

Fungu la kwanza gemu inaliweza kuliko sanaa nyingine yoyote. Tazama *Ocarina of Time* ya Nintendo, ya mwaka 1998. Link ni mtoto wa msituni. Mti mkuu unamwita. Njiani amesimama mtoto mwenzake, Mido, anakataa kumpisha mpaka awe na upanga na ngao. Basi unatambaa kwenye tundu kutafuta upanga, unapekua majani kuokota rupia, unanunua ngao kwa rupia 40. Kitabuni mlinzi wa kizingiti, yule anayemzuia shujaa asivuke kwenda safarini, ni aya moja. Hapa umehangaika mwenyewe, kwa mikono yako, na ukija kupishwa unajua kwa nini umepishwa. Wakati huohuo umeshajifunza kutembea, kununua na kupigana, bila kusomewa maelekezo marefu. Kujaribiwa nako ni mwili wa gemu wenyewe, sina haja ya kukueleza.

Kurudi ndiko kunakotushinda. *Breath of the Wild* ya 2017 ni gemu ninayoiheshimu mno, lakini ukimuua Ganon, adui mkuu, unaona mwisho, halafu ukifungua tena unarudishwa kabla ya pambano lile, na nyota tu kando ya faili lako kuonesha umeshamaliza. Ganon yu hai, ngome bado imefunikwa na giza lake. Nchi uliyoipigania huruhusiwi kuikanyaga ikiwa na amani.

Sababu ninaijua kwa sababu ninaiona mezani kwangu. Gemu inampa mchezaji nguvu: mishale mirefu, moyo wa ziada, farasi mwepesi. Adui wa mwisho akishaanguka, nguvu zote hizo hazina pa kwenda. Kumrudisha shujaa nyumbani kunahitaji vitendo vya namna nyingine kabisa, yaani vitufe vipya, michoro mipya, mazungumzo mapya, na hayo yote yanafika mezani mwishoni, siku zimekwisha na hela zimekwisha. Tunakata kile ambacho tunajua wachezaji wengi hawatafika kukiona.

Sasa sikiliza namna bibi yangu alivyokuwa akianza. "Paukwa!" Sisi: "Pakawa!" Naye: "Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa…" Hata shujaa hajatajwa, tayari kuna aliyeondoka, akajenga, akakaa.

Kisa nilichokipenda kuliko vyote ni cha Sultani Majinuni na paka wake. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Kiswahili alizokusanya Unguja, lakini mimi nilikipata mkekani. Paka alianza kula mifugo. Watu walipokuja kushitaki, sultani akasema: paka ni wangu, na ndama ni wangu. Paka akanenepa, akahamia porini, akawa nunda, yaani mnyama mkali wa kutisha, akala watu, mpaka akawala wana wa sultani mwenyewe. Ndipo kijana mdogo, aliyekuwa akidharauliwa, akasema atakwenda kumtafuta.

Anakwenda, anaua mnyama wa kwanza, mbwa tu. Anamburura mpaka nyumbani, anaimba: "Mama wee, niulaga, nunda mla watu!" Niulaga ni Kiswahili cha zamani, maana yake nimeua. Mama anatoka, anatazama, anamjibu: "Mwanangu, siye, nunda mla watu." Kijana anaondoka tena. Mnyama anayefuata ni mkubwa zaidi, na anayefuata zaidi ya huyo, mpaka tembo. Kila mara anarudi, anaimba, anaambiwa siye.

Maadui wanaokua hatua kwa hatua kila mbunifu wa gemu anawafahamu. Ila huyu kijana haendi mara moja na kurudi mara moja. Anarudi kila safari, na anayepima ushindi wake ni mtu aliyebaki nyumbani. Huko porini hakuna anayeweza kumwambia kama kazi imekwisha.

Gemu moja ninayoijua ilifika karibu sana na hapo: *Shadow of the Colossus* ya Fumito Ueda, ya 2005. Majitu ni 16. Kila moja likianguka, shujaa Wander anajikuta tena hekaluni, mbele ya msichana aliyekufa ambaye yeye anataka afufuliwe, na sauti inamtajia jitu linalofuata. Kila akirudi uso umepauka zaidi, nguo zimechakaa. Umbo ni lile la Nunda, ila kilichogeuzwa ni mwenye kuhukumu. Sauti ile ina lake jambo, haimwambii kijana ukweli wote. Nikicheza ile gemu huwa ninamkumbuka mama wa kisa chetu na ile "siye" yake, inavyouma, na inavyomlinda mwanawe asijidanganye.

*Grand Theft Auto: San Andreas*, gemu ambayo kila banda hapa Tanga limewahi kuwa nayo, inaanza na kurudi: shujaa wake, CJ, anakuja kumzika mama yake baada ya miaka mitano ugenini. Mwishoni ameshatajirika, na kaka yake Sweet akitoka jela, anaoneshwa mali, naye hataki. Anataka Grove Street, mtaa wao wa zamani. Pale ndipo kisa kinaposimama kwa miguu yake, na watoto wa nyuma ya kochi hunyamaza wakifika hapo.

Sasa tunatengeneza gemu ndogo ya Nunda, mimi na vijana wawili, mmoja mchoraji, mmoja wa programu. Toleo la kwanza nililiharibu mimi. Nilipanga wanyama kwenye njia moja inayosonga mbele, mama nikamweka mwanzo na mwisho. Tulipolipeleka bandani, wachezaji walikimbia, wakaua, na mama alipofungua mdomo mwishoni, wa kwanza akabonyeza kitufe cha kumruka.

Tukaifuta ile njia. Nyumba sasa iko katikati ya ramani. Ukimuua mnyama lazima umburure, na ukiwa unamburura huwezi kupigana, pedi inatetemeka kwa uzito, jua linazama. Njiani unaona milango ya majirani iliyokuwa wazi asubuhi sasa imefungwa. Ukifika kizingitini unabonyeza kuimba. Mama anatoka na taa ya chemli, anamzunguka mnyama polepole, anainama, anatazama meno.

Jana tulilirudisha bandani. Kufikia mnyama wa tatu wale waliosimama nyuma ya kochi walikuwa wameshaudaka wimbo, na kabla mama hajafungua mdomo wakawa wanajibu wao, kwa sauti moja: "Siye!" Mbwa, siye. Twiga, siye. Tembo, siye, mpaka mwenye banda akatuomba tupunguze kelele. Kisha mchezaji akaja akiburura kitu ambacho hawajawahi kukiona. Mama akatoka, akainua taa. Wote wakanyamaza, wakamwachia aseme mwenyewe.