Mwache Bibi Afunge Vifungo Vyake

Dhana: Ukimpenda mzee, usimwache afanye kazi yoyote.

Hii ndiyo niliyoishikilia kwa muda mrefu, nayo huumiza kimyakimya. Bibi yangu alikuwa akifunga vifungo vya sweta yake taratibu, vidole vikitetemeka, kila kifungo kikitafuta tundu lake. Siku moja nikamwahi, nikavifunga vyote. Hakusema neno. Alivifungua kimoja kimoja, akaanza upya. Tangu hapo hukaa pembeni nikapiga naye soga mpaka amalize.

Ukweli ni kwamba mzee huchangamka anapobaki na jambo lililo mikononi mwake. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti uliofanyika katika makao ya wazee nchini Marekani. Kundi moja lilikumbushwa kwamba mambo yao wataamua wenyewe, kila mtu akapewa mmea autunze. Kundi la pili nalo lilipata mimea, ila wauguzi ndio waliomwagilia. Wiki 3 baadaye, kundi la kwanza lilikuwa na uchangamfu na furaha zaidi. Basi muulize babu avae shati lipi leo. Muombe ushauri, tena katika jambo ambalo kweli limekushinda.

Dhana: Asiposikia, paza sauti.

Masikio ya uzeeni kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, f na t. Ukipiga kelele, irabu huvuma huku konsonanti zikipotea: "saa" na "taa" humfikia kama neno moja. Na uso wa anayepiga kelele hufanana na uso wa mtu aliyekasirika. Zima redio, kaa mbele yake mwanga ukikupiga usoni, sema kwa utulivu. Asipoelewa, tafuta maneno mengine. Tafadhali usimwambie "basi, achana nayo". Hilo huwa analisikia.

Dhana: Kama huna siku nzima ya kukaa naye, hakuna maana.

Mwaka 2020, katika jimbo la Texas, watu 240 ambao hawakuweza kutoka nyumbani, wengi wao wazee, walishiriki utafiti mmoja. Baadhi yao walipigiwa simu fupi kwa wiki 4, takriban dakika 10 kila moja. Waliopiga hawakuwa madaktari, walikuwa vijana waliofundishwa kwa muda mfupi kusikiliza na kumwacha mwenzao aongoze mazungumzo. Upweke ulipungua, sonona na wasiwasi pia. Dakika 10 huna?

Dhana: Akirudia hadithi ile ile, akili imechoka.

Akiuliza swali lile lile kila baada ya dakika chache, au akipotea njia anayoijua, apelekwe kwa daktari. Lakini kusimulia tena mambo ya ujana ni jambo jingine. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili Robert Butler aliandika kwamba kuyapitia upya maisha ni jambo la kawaida uzeeni, wakati huo wengi wakilidharau.

Mimi hupenda kuuliza kitu kipya ndani ya hadithi ya zamani. Safari ya bibi ya kwanza kwa treni nilikuwa nimeisikia mara nyingi mno. Nikamuuliza, "Bibi, siku hiyo ulivaa viatu gani?" Akanyamaza, kisha akacheka hadi akashika kifua. Alikuwa ameazima vya dada yake, vikubwa, akavijaza karatasi, na njia nzima alikuwa akiomba asiambiwe ashuke.