Methani ya viwandani: mistari miwili ya grafu na dhana zinazoizunguka

Msomaji anapowekewa grafu ya nchi mbili ikionesha methani, gesi inayoongeza joto la dunia, iliyotokana na uchomaji wa nishati viwandani tangu 1990, jicho lake hukimbilia mstari wa juu, na hukumu hutolewa kabla hajajiuliza mistari hiyo ilipatikanaje.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba nchi yenye mstari wa juu ndiyo yenye viwanda vingi zaidi. Ukweli ni kwamba methani ya aina hii ni zao la kitu ambacho hakikuungua kikaisha: moto usiokolea, hewa haba ndani ya tanuri, au boila linalowashwa lingali baridi. Kwa hiyo aina ya nishati huweza kuamua mengi kuliko kiasi chake. Mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, ambao nchi nyingi huutumia kukokotoa hesabu zao, unakadiria kilo 1 ya methani kwa kila terajuli (kipimo cha nishati) ya gesi asilia inayochomwa kiwandani, kilo 3 kwa dizeli na mafuta mazito, kilo 10 kwa makaa ya mawe, kilo 30 kwa kuni na kilo 200 kwa mkaa.

Tuchukulie kwamba nchi moja inachoma terajuli 100,000 za gesi na nyingine terajuli 10,000 tu za kuni. Ya kwanza itaandikiwa tani 100 za methani, ya pili tani 300. Iliyotumia sehemu moja ya kumi ya nishati ya mwenzake ndiyo inayoonekana kuchafua mara tatu, ilhali zile tani milioni 5.6 hivi za hewa ukaa zilizotokana na gesi hazimo kabisa katika grafu hii.

Wengine hudhani kwamba tarakimu hizo zilipimwa kwenye mabomba ya moshi. Aghalabu hakuna aliyepima chochote. Kiasi cha nishati kilichomo katika takwimu za taifa kimezidishwa kwa kadirio kama hayo niliyoyataja, na boila jipya likapewa kadirio lilelile la boila kuukuu. Nchi yenye takwimu za kina hutumia makadirio yake yenyewe, kwa hiyo mistari miwili iliyo kwenye grafu moja huenda imekokotolewa kwa njia mbili tofauti.

Hapo ndipo dhana ya tatu inapoanguka, ile ya kuona mstari unaoshuka kuwa ushahidi wa viwanda kusafishwa. Huenda vilifungwa. Huenda viliacha kuni vikaanza kununua umeme wa gridi, ambao uchomaji wake huandikwa katika fungu la uzalishaji wa umeme. Ama mkusanyaji wa takwimu alifanya utafiti mpya wa matumizi ya kuni na asiirekebishe miaka ya nyuma. Mimi hutilia shaka kila ngazi inayotokea ghafla ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa matanuri ya nchi nzima hayabadilishwi kwa mkupuo.

Vipimo navyo vina mtego wake. Methani ikigeuzwa kuwa tani linganifu za hewa ukaa, hutumika kizidishi kinachoonesha methani hupasha joto mara ngapi zaidi ya hewa ukaa, ambacho katika ripoti ya IPCC ya 1995 kilikuwa 21, katika ya 2007 kikawa 25, na katika ya 2013 kikafika 28. Tani 300 zilezile zinasomeka 6,300 kwa kizidishi cha zamani na 8,400 kwa hicho cha 28.

Iko pia dhana kwamba grafu hii inaeleza methani yote ya nishati. Sehemu kubwa yake hutoka kwenye migodi ya makaa ya mawe, visima na mabomba ya gesi, na huandikwa katika fungu jingine. Zile terajuli 100,000 za gesi zina uzito wa takriban tani milioni 2. Ikivuja asilimia 1 tu ya kiasi hicho njiani, ni tani 20,000, yaani mara 200 ya zile tani 100 zilizoifanya nchi ya kwanza ionekane safi.