Watoto wakitoka jioni ya Halloween: maswali ya wazazi

Kila tarehe 31 Oktoba, watoto wa Marekani na Kanada huvaa mavazi ya kuigiza, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Kwa familia zetu zilizohamia huko kutoka Kongo, Kenya au Tanzania, mara nyingi mtoto ndiye anayeleta habari hiyo nyumbani kutoka shuleni.

Mwanangu ana aleji ya karanga. Nimzuie?

La. Aende na wenzake, ila asile kitu njiani. Mlisheni kabla hajatoka. Vipakiti vidogo mara nyingi havina orodha ya viungo, na chokoleti ndogo huenda isiwe na viungo sawa na ile kubwa mliyoizoea. Kisicho na orodha hakiliwi. Bebeni sindano ya epinefrini, dawa ya dharura ya aleji. Akipumua kwa shida, au koo na ulimi vikivimba, mchome kwanza, kisha piga 911, namba ya dharura. Msisubiri muone kama itatulia.

Tafuteni pia nyumba yenye boga lililopakwa rangi kati ya bluu na kijani. Alama hiyo ilianzia jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka 2012, na mwaka 2014 FARE, shirika la aleji za vyakula, likaieneza nchi nzima. Maana yake nyumba hiyo ina zawadi zisizoliwa: penseli, stika, vijitabu. Nawe weka bakuli la pili mlangoni, la zawadi kama hizo. Mtoto mwenye kisukari, au anayelishwa kwa mrija, naye atapata chake.

Na mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi?

Huyu adui yake ni baridi, na wengi hawalifikirii hilo. Baridi hubana mishipa, upungufu wa maji huzifanya seli nyekundu za damu zijikunje zaidi, na maumivu huanza. Mvalisheni nguo za joto ndani ya vazi lake, glavu na kofia juu. Anywe maji kila mara. Atoke mapema, apite nyumba chache, gari liwe karibu. Akisema anaumwa, rudini saa ileile, hata kama kikapu bado kitupu.

Amekuja mtoto mkubwa, hasalimu, hasemi kitu. Nimpe?

Mpe. Sisi tumelelewa kuamini kwamba asiyesalimu hana adabu, lakini wapo wenye usonji ambao maneno hayawatoki, na kubisha mlango wako tu kumewagharimu sana. Wengine hubeba ndoo ya bluu kuashiria usonji, ila si wazazi wote wanaotaka mtoto wao atambulishwe hivyo, kwa hiyo usingoje alama. Ukimwona mwenye kiti cha magurudumu, shuka ngazi na bakuli lako. Vizuri zaidi, weka meza chini tangu mwanzo.

Nasikia watu hutia sumu kwenye peremende.

Joel Best, mtaalamu wa sosholojia, amechunguza visa tangu vya mwaka 1958, wala hajapata mtoto aliyethibitika kuuawa hivyo na mtu asiyemjua. Kagueni vipakiti, tupeni vilivyofunguka, na walio chini ya miaka 4 wasipewe karanga wala peremende ngumu, huwakaba.

Kinachoua ni gari. Takwimu za Marekani za 1975 hadi 2016 zilionyesha hatari ya mtembea kwa miguu kufa jioni hiyo ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine za karibu. Bandikeni utepe unaoakisi mwanga mgongoni, mpeni tochi, mpakeni rangi usoni badala ya kinyago kinachoziba macho.

Imani yetu haituruhusu kushiriki.

Zimeni taa ya kibarazani. Watoto wanajua maana yake, watapita bila kubisha. Na mwalimu aambiwe mapema, ili mwanao asishtukizwe darasani.