Radiografia ya Kompyuta: Maana Yake na Namna ya Kupanga Picha Zake

Mtu anayepigwa eksirei ya kifua jijini Nairobi huenda asitambue kama kituo alichokwenda kimeacha filamu, kwani bado husimama mbele ya kaseti, akaambiwa avute pumzi na kuizuia. Tofauti imo ndani ya kaseti. Mahali pa filamu iliyokuwa ikioshwa kwa dawa katika chumba cha giza pamewekwa sahani ya fosfori, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye bariamu na europiamu kidogo. Miale ikishapenya mwili na kuifikia sahani hiyo, sehemu ya nishati yake hunaswa humo na kuanza kufifia polepole. Ndiyo maana kaseti haifai kuachwa mezani hadi kesho. Mashine ya kusomea huipitisha sahani chini ya leza nyekundu mstari kwa mstari, nishati iliyonaswa ikatoka kama mwanga wa buluu, na mwanga huo ukageuzwa kuwa umeme, kisha kuwa namba. Baadaye sahani hufutwa kwa mwanga mkali na kutumika tena. Utaratibu huu, ambao kampuni ya Fuji ya Japani iliuingiza sokoni katika miaka ya 1980, ndio uitwao radiografia ya kompyuta.

Kwa anayetaka kuzichanganua picha hizo, kila moja ni jedwali kubwa la namba. Sahani ya sentimita 35 kwa 43, ikisomwa kila sehemu ya kumi ya milimita, hutoa pikseli, yaani vitone vya picha, zipatazo milioni 15. Namba hizo huhifadhiwa katika faili la DICOM, muundo wa pamoja wa kuhifadhi picha za kitabibu uliopata jina hilo mwaka 1993, pamoja na namba ya mgonjwa, tarehe, upande uliopigwa na ukubwa wa pikseli. Kuligeuza faili kuwa picha ya kawaida ya simu ni hasara kubwa: viwango 4,096 vya weusi na weupe vyaweza kubaki 256, na maelezo yote hayo yakapotea.

Mpangilio unaofaa huanza na mgonjwa, kisha uchunguzi, kisha mfululizo (kundi la picha za uchunguzi huo), ndipo picha yenyewe. Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni kugawanya picha bila kujali mwenyewe ni nani, hivi kwamba kifua kilekile kinatumika kuifundisha programu ya kompyuta itambue ugonjwa na pia kuijaribu. Programu itaonekana hodari wa kutambua kifua kikuu, kumbe imemkariri mgonjwa. Ni lazima pia kukagua iwapo mfupa umeandikwa kwa namba kubwa au ndogo, kwa sababu mafaili mengine huugeuza mpangilio huo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jina huondolewa katika maelezo ya faili, na pia juu ya picha kama limechapwa humo, na mahali pake huwekwa msimbo mmoja usiobadilika, ili eksirei ya Januari na ya Juni zijulikane kuwa za mtu yuleyule.