Risasi chache kwenye gemu za bunduki: hesabu adui kwanza, sanduku baadaye

Kwenye mabanda ya gemu, iwe Mwanakwerekwe au Chake Chake, kilio ni kimoja: "Risasi zimenishia." Nikitazama wanavyocheza, naona makundi mawili. Wa kwanza humwaga risasi kwa adui yeyote atakayejitokeza. Wa pili huzikumbatia mpaka mfuko unajaa, kisha huanza kuziacha chini kwa kukosa pa kuziweka. Hili kundi la pili hujiona lina busara, lakini kwa maoni yangu ndilo linalopoteza zaidi.

Dawa ni kujua kila adui anagharimu risasi ngapi, na za bunduki ipi. Gemu nzuri ya kujifunzia ni DOOM ya 1993, maana namba zake zinajulikana zote na inachezeka hata kwenye simu ya bei rahisi. Unaanza na bastola na risasi 50. Kila risasi inaumiza kwa pointi 5, 10 au 15, yaani wastani 10. Imp, yule dubwana wa kahawia anayerusha moto, ana uhai wa pointi 60, kwa hiyo kwa bastola atakula risasi kama 6, na hapo hujakosa hata moja. Bunduki ya marisau hutoa chembe 7 kwa mpigo, kila moja wastani 10, jumla 70. Ukimpiga kwa karibu, mara nyingi mpigo mmoja unatosha. Ukimpiga kutoka mbali, chembe zinatawanyika, nyengine zinaingia ukutani, na sasa umetumia mipigo 2 au 3 kwa kazi ya mmoja. Ndiyo maana nasema umbali ni sehemu ya bei.

Baron, lile dubwana kubwa lenye pembe, ana pointi 1,000. Kwa bastola ni risasi kama 100, na hizo huna. Kwa marisau ni mipigo kama 15 ya karibu, na yeye hakuachii umsogelee bure. Ukikutana naye na marisau 8 mfukoni, usianze vita usivyoweza kuvimaliza. Zunguka, kusanya, kisha rudi. Pinky, yule wa waridi anayekuja mbio kuuma, ana 150, na huyu sioni sababu ya kumtolea risasi hata moja kama una msumeno. Ingia kwenye mlango au kona nyembamba ili wakufikie mmoja mmoja, washa msumeno, mguse nao na usiachie kitufe mpaka aanguke. Wakikusanyika wa aina tofauti, kimbia katikati yao. Moto wa imp ukimpiga pinky, pinky atamgeukia imp, nawe huku hujatumia kitu. Imp kwa imp haifanyi kazi, maana moto wao hauwaumizi wenyewe.

Sasa wale wa kukumbatia. Katika DOOM hiyohiyo mwisho wa marisau ni 50, na wa risasi za kawaida ni 200, mpaka upate begi linaloongeza nafasi mara mbili. Sanduku kubwa la marisau lina 20. Ukilikanyaga ukiwa na 45, unapata 5 na sanduku lote linatoweka: 15 zimepotea. Ukiwa na 50 kamili halichukuliki, linakusubiri palepale. Kwa hiyo ukiliona sanduku na wewe una 45, lipite pembeni, kapige chumba kinachofuata kwa marisau mpaka ushuke 30, ndipo urudi. Kuna wachezaji hawajui hili kabisa, na ndio hao hulalamika levo haina risasi.

Gemu nyengine zinakutazama kabla ya kukupa. Half-Life 2 ya 2004 ina masanduku ambayo hutoa kile ulichopungukiwa, kwa hiyo mwenye mfuko uliojaa hapati la maana. Katika Resident Evil 4 ya 2005, maadui huangusha risasi za bunduki ulizobeba. Ukibeba tano, riziki inagawanyika mafungu matano na kila bunduki inakaa nusu tupu. Beba mbili au tatu. Humo pia kuna jambo dogo lenye faida kubwa: ukimlipa mfanyabiashara akuongezee nafasi ya risasi kwenye bunduki, bunduki hiyo inarudi imejaa bila malipo ya risasi. Basi ipige mpaka iwe tupu, ndipo uende kwake. Na usimwue mwanakijiji kwa risasi kumi. Mpige moja ya kichwa au goti ayumbe, mfuate kwa teke, ambalo huangusha na walio jirani naye, kisha malizia kwa kisu akiwa chini.

Resident Evil 2 mpya, ile ya 2019, inahitaji akili ya aina nyengine. Swali la humo ni kama kumwua adui kuna haja. Zombi wa ukumbi utakaoupita mara moja mwache, mpige mguu tu atambae, upite. Zombi wa ukumbi unaorudiwa kila mara, kama zile njia kuu za kituo cha polisi, muuwe mapema. Licker, yule dubwana wa ulimi mrefu anayetambaa ukutani, ni kipofu, kwa hiyo tembea taratibu ukiwa mbali naye na atakuacha. Lile pande la mtu mwenye kofia linalokufuata kituoni halifi kwa risasi zako. Unapolazimika kulipiga, ni kulipumbaza kidogo tu ili upate njia. Ukilenga, simama. Alama ya shabaha ikishajikusanya ndipo ufyatue, kwani risasi hiyo huumiza zaidi ya ile ya papara. Baruti ya kawaida kwa ya kawaida hutoa risasi za bastola. Leon, mmoja wa wahusika wawili unaoweza kuwachezea, akichanganya ya kawaida na ile ya njano ya daraja la juu anapata marisau. Usichanganye mpaka ujue ipi inakupungukia.

Kujaza upya nako kuna mtego. Gemu nyingi hurudisha risasi zilizobaki kwenye akiba, kwa hiyo ukijaza baada ya kupiga 3 unapoteza muda tu. Lakini katika Helldivers 2, bunduki inayotumia magazini huitupa pamoja na risasi zilizomo. Ukibadilisha magazini yenye 20, hizo 20 zimekwenda. Unapoanza gemu mpya, piga risasi 5, jaza, kisha tazama namba ya akiba imeshuka kiasi gani.

Kwenye simu, PUBG Mobile inachezwa sana barazani, na kosa la kikosi cha wanne ni wote kushika bunduki zinazotumia risasi za aina moja, zile za 5.56, kama M416 na SCAR-L, kisha wakagombania sanduku moja. Wawili washike 5.56 na wawili 7.62, kama AKM, na kila mmoja amwachie mwenzake asichokitumia. M416 ina 30 kwenye magazini, na 40 ukiweka ndefu. Adui akiwa mbali, piga moja moja au tatu tatu. Kumwaga 30 mfululizo ni kupaka ukuta rangi.

Mwisho kuna upotevu usiotokana na mchezaji, nao umejaa kwenye mabanda yetu: padi iliyochoka. Fimbo yake hujivuta yenyewe na shabaha inahama ukiwa umetulia. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, tafuta sehemu ya fimbo, uongeze kidogo kidogo kiasi cha kusukuma kinachohitajika kabla fimbo haijaitika, mpaka shabaha itulie. Ukizidisha, kulenga kutakuwa kuzito. Televisheni nayo iweke kwenye hali ya gemu kama inayo, picha isichelewe nyuma ya kidole. Kisha ingia uwanja wa mazoezi ambako risasi hazihesabiwi, simama mbele ya ukuta, achia fimbo zote na upige 5 moja moja, ukisubiri bunduki itulie kila mara. Matundu yakihamia upande mmoja, fimbo bado inajivuta, ongeza tena.