Swapu haikliwi kama kontena: yanayoaminiwa kimakosa kuhusu mdhamini wa kati

Ukilitaja neno "klearing" hapa Mombasa, anayekusikia anaiona Kilindini: kontena, entri ya forodha, ajenti mwenye faili kwapani akikimbizana na saa kabla mzigo haujaanza kutozwa gharama za kukaa. Ndiyo maana mazungumzo ya swapu, yaani mikataba ya kubadilishana malipo, hupotea njia mapema. Nafanya kazi ya hesabu katika biashara ya chai, na wenye maghala huniuliza mara kwa mara: hizi sheria za London na Brussels (makao ya Umoja wa Ulaya) zatuhusu nini sisi? Nikiwasikiliza nagundua wengi wanaamini benki "hukliya" swapu kama ajenti anavyokliya mzigo, yaani hati zikaguliwe, ada ilipwe, mambo yaishe.

Hayaishi. Swapu ya riba ni ahadi ya miaka. Chukua mwenye ghala wa Shimanzi aliyekopa dola milioni 2 kwa riba inayopanda na kushuka pamoja na soko la Marekani. Anafunga swapu na benki yake: yeye atalipa riba isiyobadilika, benki itamlipa ile inayoyumba. Deni lenyewe halihami, wanalipana tofauti ya riba tu. Kwa muda wote wa ahadi, kila upande una hofu moja: mwenzangu akifilisika je? Mdhamini wa kati, taasisi inayosimama katikati ya pande mbili, anaingia hapo, na kuingia kwake ndiko kunakoitwa klearing ya swapu. Mkataba wa pande mbili unavunjwa na mahali pake inazaliwa miwili, kila upande ukiwa na wake na mdhamini. Tangu siku hiyo hawadaiani tena wao kwa wao. Mdhamini hupima thamani ya mkataba kila siku, aliyepoteza hulipa papo hapo, na kabla ya yote kila mmoja huwa ameweka dhamana ya awali. Kazi hiyo huendelea mpaka siku ya mwisho ya mkataba.

Kosa linalonisumbua zaidi ni la wanaosema kwamba mkataba ukishapita kwa mdhamini, hatari imekwisha. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukishampa mtu mwingine kuubeba huoni tena uzito wake, lakini uzito upo vile vile.

Wanaoshikilia dhana hii wana ushahidi mzuri, na sitauficha. Benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba 2008, ilikuwa na swapu za riba zaidi ya 66,000 kwa mdhamini wa London anayeitwa LCH, zenye thamani ya maandishi (kiasi kinachokokotolewa riba, si pesa inayodaiwa) ya dola trilioni 9. LCH iliufunga na kuugawa mzigo huo wote kwa muda wa wiki tatu hivi, ikatumia kama theluthi moja tu ya dhamana ambayo Lehman wenyewe walikuwa wameweka. Wanachama wengine hawakulipa hata senti. Wakati huo huo AIG, kampuni ya bima ya Marekani iliyokuwa imeuza kinga za mikopo moja kwa moja kwa mabenki bila mdhamini wa kati, iliokolewa na Marekani kwa dola bilioni 85 kwa kuanzia. Ukizilinganisha hadithi hizo mbili unaelewa kwa nini wakuu wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, waliokutana Pittsburgh Septemba 2009 waliagiza swapu zote zilizo za kawaida zipitie kwa mdhamini wa kati ifikapo mwisho wa 2012.

Ila wadhamini wa kati wameshaanguka. Paris 1974, bei ya sukari ilipoporomoka. Kuala Lumpur 1983, kwa mafuta ya mawese. Hong Kong 1987, hisa ziliposhuka dunia nzima na mfuko wa dhamana ukahitaji kuokolewa. Na Septemba 2018, mfanyabiashara mmoja wa umeme nchini Norwe alishindwa kulipa, nafasi yake ikauzwa kwa hasara, na mdhamini wa Nasdaq kule Stockholm akachota euro milioni 107 kutoka kwenye mfuko wa wanachama. Waliolipa ni watu ambao hawakuwa wamefanya biashara yoyote na yule mtu.

Mwenye kucheza chama analielewa hili upesi. Mmoja asipoleta zamu yake, kwanza mnashika alichoweka rehani, kisha mweka hazina anatoa kidogo chake, kisha mnachangishana nyote. Mdhamini wa kati ana ngazi hizo hizo: dhamana ya aliyeshindwa, mchango wake katika mfuko, sehemu ya mtaji wa mdhamini mwenyewe, halafu mfuko wa wanachama wengine. Hatari iliyokuwa imetawanyika kwenye mabenki mia imewekwa nyumba moja. Nyumba hiyo ikisimamiwa vizuri ni afadhali kubwa, naamini hivyo kabisa. Lakini ikianguka, haianguki peke yake.

Kuna wanaodhani sheria inalazimisha kila swapu ipite huko. Hapana. Lazima hiyo ni kwa mikataba ya kawaida katika sarafu kubwa kama dola, euro, pauni na yeni, na zaidi kwa mabenki na taasisi za fedha. Kampuni ya kawaida inayojikinga na hatari ya biashara yake huachwa nje, na shilingi yetu haimo kabisa. Swapu isiyopita kwa mdhamini nayo haiachwi bila masharti: tangu 2013 wasimamizi wa dunia wamekubaliana kwamba taasisi kubwa zipeane dhamana wao kwa wao. Na asikudanganye mtu kwamba NSE Clear, mdhamini wa soko la hisa la Nairobi, inashika swapu hizi. Hiyo inahudumia soko la mikataba ya baadaye lililofunguliwa Julai 2019.

Sasa mpaka wa nchi. Wengi wanadhani G20 walitunga sheria moja ya dunia. G20 hawatungi sheria, walitoa ahadi. Marekani ikaandika sheria yake Julai 2010, Ulaya ikaandika yake 2012, kila mmoja kwa lugha yake na kwa hofu zake. Lakini swapu haijui mipaka: benki ya New York inafunga mkataba na benki ya Paris, unapelekwa London. Msimamizi yupi ana neno? Sheria zote mbili zikitekelezwa kama zilivyo, mkataba mmoja ungetakiwa kutii amri mbili zinazogongana. Njia iliyopatikana ni kutambuana: mimi nazichunguza sheria zako, nikiona zinafika lengo lile lile nazikubali badala ya zangu. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, Washington na Brussels walitangaza mwelekeo wa pamoja Julai 2013, wakaendelea kuvutana juu ya mambo kama dhamana ya mteja ikadiriwe itoshe hasara ya siku moja au mbili, na hawakuelewana kuhusu wadhamini wa kati mpaka Februari 2016.

Kisha Uingereza ikatoka Umoja wa Ulaya, na swapu za euro zikabaki London kwa wingi. Brussels imeongeza muda wa kuwatambua wadhamini wa London mara kadhaa, na sasa umefika 30 Juni 2028. Tangu Juni 2025, taasisi za Ulaya zenye biashara kubwa ya aina hiyo zinatakiwa kuwa na akaunti inayotumika kwa mdhamini aliye ndani ya Umoja. Wapo wanaosema huu ni wivu wa kibiashara tu. Mimi naona hofu yao ina msingi: London ikipata dhoruba, anayeamua dhamana iongezwe kiasi gani na kwa haraka gani ni mdhamini wa London na msimamizi wake, na pesa zitakazotakiwa usiku huo ni za mabenki ya Ulaya.

Narudi Shimanzi, kwa sababu dhana ya mwisho ni ile ninayoisikia barazani: "haya ni ya wakubwa, sisi hayatufikii." Benki ya Nairobi iliyomwuzia mwenye ghala ile swapu haikai na hatari hiyo. Inafunga mkataba wa kinyume na benki ya London, na ile ya London inajikinga kwa wenzake kupitia mdhamini wa kati. Riba ya dola ikishuka, London wanatakiwa walipe leo. Wao wataidai Nairobi kama mkataba unaruhusu, na Nairobi itamtazama mwenye ghala. Gharama ya dhamana hiyo pia imo ndani ya bei aliyopewa siku ya kwanza, hata kama hakuna aliyemwonyesha.

Walioagiza bidhaa wameyaona haya kwa dola. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Aliyejifunga siku hiyo kununua dola 200,000 mbeleni kwa bei hiyo aliahidi shilingi milioni 32. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa kwenye 132, dola zile zile zina thamani ya milioni 26.4. Tofauti ni milioni 5.6, na benki yenye haki ya kudai dhamana haingoji siku ya kukamilisha mkataba.

Majuzi nilikaa na mwuza chai mmoja, tukafungua mkataba wake wa swapu kwenye ukurasa wa dhamana. Nilimwonyesha nani anayepima bei (benki peke yake), dhamana gani inakubaliwa (pesa taslimu tu), kwa sarafu gani (dola), na ana muda gani wa kuleta. Aliposoma "siku moja ya kazi" aliweka kikombe chini, akachukua kalamu akayazungushia duara maneno yale. "Chai niliyouza mnada uliopita," akasema, "pesa yake sijaiona bado."